Namna Mama Yangu Alivyofanywa Mkimbizi

Mama yangu amekimbia vita mara tatu, na mara zote tatu hakuondoka kijijini kwetu Lweba. Safari ya kwanza alitokea Burundi. Ya pili akashuka kutoka milima ya Bibokoboko baada ya kupoteza ng'ombe wake wote. Ya tatu alikuwa mjane. Yote haya yameandikwa katika jarida moja la nje, la karatasi inayong'aa na picha za rangi, kwa Kifaransa kisafi kabisa. Mimi ni mtoto wake wa pili, na ninachojua ni kwamba Burundi hajawahi kuikanyaga, ng'ombe anawaogopa kiasi cha kupita porini ili asikutane nao, na mume wake, ambaye ni baba yangu, bado anakula ugali wa muhogo mara mbili kwa siku na kulalamika kwamba mboga ya sombe haina chumvi.

Jarida lenyewe haliuzwi Baraka, mji wetu huku mashariki mwa Kongo. Huletwa na watumishi wa mashirika, husomwa na wao kwa wao, kisha huachwa kwenye nyumba ya wageni ya parokia. Kutoka hapo linaingia sokoni, ambako kina mama hulichana ukurasa mmoja mmoja na kufungia karanga na maandazi. Kwa hiyo sisi habari za dunia tunazisoma zikiwa zimeshalowa mafuta. Mimi nilikuwa na bahati zaidi, maana nilifanya kazi ya ukalimani kwa waandishi waliokuja kwetu, na wengine waliponiaga waliniachia nakala nzima, bila karanga.

Nimelisoma jarida hilo kwa miaka mingi sasa, na nimezifahamu tabia zake. Lina shirika moja kubwa ambalo linalipenda na kulichukia kwa zamu. Silitaji jina, aliyekaa Baraka analijua, na ambaye hakukaa Baraka bila shaka ana la kwao. Zamani, shirika hilo lilikuwa haliwezi kukosea. Ukifungua jarida unaona gari jeupe aina ya jipu likivuka mto, maji yamefika kwenye milango, na ndani yake mtu mwenye kizibao na uso wa kuchoka kitakatifu. Ukurasa unaofuata, mtoto anacheka. Ukurasa unaofuata tena, mama analia, maana mtoto akicheka peke yake haieleweki kama msaada umefika.

Mama aliyekuwa analia ukurasa huo alikuwa mama yangu. Hakuwa analia lakini, na hapo ndipo mambo yalipoanzia.

Ilikuwa wakati Warundi walipokuja kwa wingi. Shirika liligawa chakula kwenye uwanja mmoja nje ya mji, na mama yangu, mwenye akili ya biashara kuliko watu wote wa ofisi ile, alifikiri hivi: wanaopokea wana mahindi na mafuta, lakini wanaogawa wanakula nini? Madereva, wabebaji mizigo, walinzi, watu wa kuandika majina, wote hao wanashinda juani na njaa. Basi akapanda pikipiki, moto tunavyoiita, kutoka Lweba na beseni la samaki wa ziwani, mikebuka iliyokaangwa, akaliweka pembeni mwa mstari wa wakimbizi, akaanza kuuza. Kila siku ya ugawaji beseni lilirudi tupu.

Siku ile ya picha, dereva mmoja alichukua samaki, akamfinya, akamnusa, akamfinya tena upande wa pili. Mama hapendi samaki wake afinywe. Alinyoosha mkono amnyang'anye, akakunja uso, akafungua mdomo kumwambia yale anayostahili kuambiwa mtu wa namna hiyo. Hapo hapo mpiga picha wa jarida akabonyeza. Walipoitoa, dereva alikuwa amekatwa, samaki amekatwa, beseni limekatwa. Kikabaki kikwembe, kitenge cha mama, uso wake uliokunjwa, na mkono ulionyooshwa kwa mtu ambaye hayupo. Chini yake wakaandika kwamba mkimbizi huyu kutoka Burundi, macho yamejaa mateso, ananyoosha mkono kuelekea shirika lililo tumaini lake la mwisho.

Ukurasa huo ulifika sokoni kama kurasa nyingine. Mama mmoja wa kanisani kwetu alinunua karanga, akala njiani, na alipofika nyumbani akakuta chini ya karanga yumo rais wa Bamama, kundi la kina mama wa kanisa. Maana mama yangu wakati huo ndiye aliyekuwa rais wao. Yeye ndiye aliyepanga nani apike msibani na nani aimbe mbele, na alikuwa na adui wa kutosha kwa kazi hiyo.

Lazima nieleze jambo moja. Wakati ule wenyeji kadhaa walikuwa wamejiandikisha kama wakimbizi ili wapate chakula. Watu waliozaliwa hapa hapa walilala Wabembe wakaamka Warundi. Mchungaji alihubiri juu ya dhambi hiyo Jumapili tatu mfululizo, na kamati ya kanisa ikaamua kwamba atakayegunduliwa hatashika kikombe cha Meza ya Bwana mpaka atubu mbele ya watu. Mama yangu alipiga makofi kwa uamuzi huo kuliko wote.

Kamati ikamwita. Ukurasa uliwekwa juu ya meza, na alama ya mafuta katikati. Mwalimu wa shule akausoma na kuufasiri.

"Mi niko muntu wa Lweba," mama akasema. "Babu yangu bamuzika Lweba. Ninyi bote munanijua."

"Tunakujua," akajibu mzee wa kanisa, mkulima wa Lubondja, mtu mpole sana na mgumu sana. "Lakini ni we njo iko mu gazeti. Bazungu banaweza kudanganya juu ya mama wa Lweba, bapate nini?"

Kwa kweli, nani angepanda ndege mpaka huku, alale kwenye chandarua chenye matundu na kuharisha siku nne, ili aje adanganye habari za muuza samaki? Kamati ikaamua kwa haki yake yote: mama atubu, au jarida lenyewe liseme vingine. Gazeti ndilo lililosema, gazeti ndilo litakalofuta.

Mama akakataa kutubu. "Nitubu juu ya nini? Juu ya kuuzisha samaki?"

Kuanzia hapo, Jumapili ya Meza ya Bwana, kabla ya kikombe kuanza kuzunguka, mchungaji aliwaomba walio chini ya adabu ya kanisa watoke. Walitoka vijana wawili watatu wenye mambo yao yanayoeleweka, na katikati yao mama yangu, kitambaa kichwani kimefungwa vizuri, Biblia kwapani. Alisimama nje kwenye kibaraza mpaka wimbo wa mwisho. Nilikuwa nikiinywa ile divai huku nikimwona kupitia dirisha, mgongo wake tu. Urais wa Bamama ukachukuliwa na mwingine.

Siku ya kwanza aliporudi nyumbani aliniita. "We unajua Kifaransa," akaniambia. "Ubaandikie bale batu. Basimike ukweli, mi nirudi mu nafasi yangu."

Sasa niseme lile ambalo nimelizungukia tangu mwanzo. Siku ile uwanjani mimi ndiye niliyekuwa mkalimani. Nilikuwa nimevaa shati lililopigwa pasi, nimening'iniza kadi shingoni, natembea na watu wa jarida nikisema "kwa hakika" na "kwa upande mmoja". Niliwaambia kwamba natoka familia ya watu wa ofisi. Mara namwona mama yangu, amekanyaga matope, anamfokea dereva kwa ajili ya samaki mmoja, sauti inafika mpaka kwa wale wanaopima mafuta. Mpiga picha akabonyeza, akaniuliza: "Yule mama ni nani?"

Niliona haya. Sina neno jingine la kuliweka hapo. Nikajibu: "Ni mmoja wao. Mkimbizi, kutoka Burundi." Kisha nikawapeleka upande mwingine kabla mama hajaniona.

Ndiyo maana barua niliyomwandikia mhariri ilikuwa na adabu kupita kiasi. Nilisema huenda kulitokea kasoro ndogo katika maelezo ya picha. Sikusema kasoro ilitoka mdomoni mwa nani. Wakajibu kwa kunishukuru kwa kuwa msomaji wao mwaminifu. Mama alipouliza, nilimwambia wanachunguza. Wazee wa kamati nao walikuwa wanakaa mwendo wa dakika ishirini kutoka kwetu; ningeweza kwenda kwao jioni yoyote nikasema maneno matatu. Sikwenda. Niliendelea kumkasirikia mhariri, kwa sababu alikuwa mbali na hakujua kujitetea.

Miaka ikapita, na jarida likageuka. Shirika lile lile, jipu lile lile, ila sasa liliegeshwa mbele ya hoteli. Yule mwenye kizibao alikuwa hachoki tena, alikuwa ananenepa. Waandishi walikuja Baraka na maswali mapya: mahindi yalikwenda wapi, mbona bomba halitoi maji, mbona ripoti ni nene kuliko magodoro. Maswali mazuri, nakiri. Wale wale waliokuwa wakiniambia kwamba msaada huokoa, sasa waliniambia kwamba msaada huua, na mara zote mbili nilitikisa kichwa na kutafsiri. Makala ilipotoka, kwenye ukurasa wa pili alikuwepo mama yangu, mkono umenyooshwa vile vile. Safari hii alikuwa mfugaji wa Bibokoboko aliyepoteza ng'ombe wake na kungojea msaada ambao haukufika.

Nilimsomea. Sikuthubutu kuficha, maana picha alikuwa ameiona mwenyewe kwenye maandazi.

"Ng'ombe?" akauliza.

"Ng'ombe, Mama."

"Ngapi?"

"Hawakusema."

Akafikiri kidogo. "Na samaki banasema?"

"Hapana."

Alipeleka ukurasa huo kwa kamati kwa miguu yake mwenyewe, akiwa na matumaini, maana aliona kwamba sasa jarida limejipinga. Mtu hawezi kuwa Mrundi na mfugaji wa milimani na muuza samaki wa Lweba kwa wakati mmoja. Kamati ikausoma. Mzee wa Lubondja akavua miwani, akasema kwa masikitiko kwamba yeye alidhani mama amejiandikisha mara moja, kumbe ni mara mbili.

Nilicheka nilipoambiwa hilo. Nilicheka kweli, peke yangu, nyuma ya nyumba, kisha kicheko kikakatika na nikabaki nimeshika ukuta.

Zamu ya tatu ilikuwa ya huzuni. Fedha za shirika zilipungua huko zinakotoka, ofisi ya Baraka ikaanza kufungwa, viti vikapakiwa kwenye lori. Na jarida, ambalo kwa miaka kadhaa lilituambia shirika hili ni mzigo kwetu, likaanza kulilia kama mtu wa nyumbani. Picha zikawa nyeusi na nyeupe. Jipu likapigwa picha kwa nyuma, linaondoka. Mama yangu naye akatolewa rangi, akawekwa ukurasa mzima, na chini yake: mjane huyu ni mmoja wa wanaoachwa. Nilikuwa nimeshamzoea. Shirika lilikua, likanenepa, likakonda, likaaga. Mama yangu katika jarida hakuongeza hata unywele wa mvi. Yule wa nyumbani ndiye aliyekuwa anazeeka, na magoti yalikuwa yanamuuma kusimama kwenye kibaraza cha kanisa.

Baba aliposikia neno mjane aliweka chini kikombe chake cha chai. "Mi njo nilikufa siku gani?" akauliza. "Na mulinizika bila kuniambia?"

Mama hakucheka. "Bakikuua we, banaweza kunirudisha mi ku kikombe?" akamwambia. Baba akanywa chai yake.

Mwaka huu jarida limepatwa na jambo jipya: limeanza kujichunguza. Nadhani lilikosa mtu mwingine wa kumchunguza. Akaja mwandishi mwanamke, kijana, mwenye heshima, akaniambia anaandika makala ndefu kuhusu namna wao wenyewe walivyolionyesha lile shirika mwaka hadi mwaka: walivyolisifu bila kuuliza, walivyolishambulia bila kuuliza, walivyolililia bila kuuliza. Alikuwa na orodha ya picha zilizorudiwa mara nyingi. Akafungua kompyuta yake, akanigeuzia. "Huyu ndiye ninayemtafuta zaidi," akasema. "Huenda amekwisha kufa. Unaweza kunisaidia kumpata?"

Nilimwambia yuko Lweba, mwendo mfupi tu kwa moto. Sikusema ni nani kwangu. Hata hapo, baada ya miaka yote hiyo, nilisema "namfahamu".

Nilipompelekea mama habari hizo, hakuuliza mengi. Alifagia uwanja wa nyumba, akavaa kikwembe cha sikukuu, akatuma watu kwa kamati ya kanisa. Alitaka wasikie kwa masikio yao, kutoka kwa mwenye jarida. Kwa hiyo mwandishi alipofika alikuta viti vimepangwa: mzee wa Lubondja, sasa anatembea kwa fimbo, rais wa Bamama aliyemrithi mama, baba, mzima kabisa, na mama katikati, ameweka mikono mapajani. Kifaransa cha wazee hao kiliishia kwenye salamu. Nilivuta kigoda nikakaa kati ya mama na mgeni, mahali pangu pa kazi.

Mgeni aliambiwa kwanza kwamba huyu ni mama yangu. Baba ndiye aliyemwambia, kwa kuninyooshea kidole mimi kisha mama. Alinitazama kidogo, akaandika kitu.

Mama akaeleza. Mikebuka, beseni, dereva, kufinya. Alisimama akanyoosha mkono, akakunja uso, na kwa dakika moja ile picha ikawa hai, na samaki wake yumo ndani. Hata mzee wa Lubondja alitoa sauti ya mtu aliyeona. Nilitafsiri kila kitu, na nilitafsiri vizuri. Kazi hii naiweza.

"Umuulize," mama akasema. "Nani njo alibaambia mi niko Mrundi?"

Nikauliza. Ningeweza kuuliza kitu kingine, lakini mgeni alikuwa amejiandaa na swali hilo bila kuulizwa. Alikuwa na maelezo ya mpiga picha wa siku ile, yamehifadhiwa. Akayatafuta, akayasoma polepole, kwa sauti: jina halijulikani, kwa maneno ya mkalimani wetu, ni mkimbizi kutoka Burundi. Kisha akanigeukia bila ubaya wowote. "Mkalimani wa siku ile alikuwa nani? Unamjua?"

"Anasema nini?" mama akauliza.

Wote walikuwa wananitazama. Nilikuwa na nafasi ya kutosha. Ningesema ni makosa ya ofisi, ya mashine, ya mtu aliyekwisha kufa, na wazee wangeridhika, na mama angerudishiwa kikombe Jumapili inayofuata, na mimi ningebaki kijana wao msomi. Neno lilikuwa tayari mdomoni. Nilimtazama mama, mikono yake ipo mapajani, na nikashindwa kulisema.

"Anasema ni mukalimani njo alibaambia," nikasema. "Mukalimani alikuwa mi, Mama. Nilikuona pale na samaki, nikakuonea haya."

Baba aliinama akatazama chini. Mzee wa Lubondja alikohoa, akashika fimbo yake kwa mikono miwili. Rais wa Bamama akasema "Yesu wangu" kwa sauti ndogo. Mama hakumtazama hata mmoja wao.

"Na miaka yote ile unaniona pale inje," akasema.

"Ndiyo, Mama."

"Unaniona, na unakunywa."

Mgeni alisubiri, kalamu mkononi, akitutazama kwa zamu. Hakuelewa neno hata moja, na aliona kwamba kuna neno.

"Umutafsirie," mama akaniambia. "Usiache kitu. Umuambie, mutoto yangu, ile samaki nilikuwa nauzisha pale, ile njo ilinunua Kifaransa yako."

Nilitafsiri. Mgeni aliandika, akasimamisha kalamu, akaniomba radhi. Alitaka nirudie sentensi hiyo, tena polepole, asije akakosea kumnukuu.

Nikairudia.